Swali la Nne

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, simu italia.
Hakuna jengo, hakuna joho, hakuna kusimama:
mwamuzi ni sauti kutoka mji mwingine,
na baba atamjibu akiwa hapa jikoni
kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya.

Leo Jumapili. Theluji ya Ziwa Erie
imezimeza ngazi zetu mpaka ya tatu.
Nimetandaza makaratasi mezani:
barua ya kwanza, umenyimwa mafao;
ya pili, ileile, ila kwa wino mzito zaidi;
hati za mshahara tangu kiwanda kikiitwa jina jingine;
kadi ya zahanati yenye doa la kahawa
ambalo baba anahofia litahesabiwa kosa.

"Utovu wa nidhamu wa makusudi," wameandika.
Miaka ishirini na miwili akifyatua vifuniko vya ndoo,
cheupe, cheupe, cheupe, Ijumaa vya buluu,
leo anaambiwa unga kaumwaga mwenyewe,
tena kwa kukusudia, kama anayelisha njiwa.

Mwamuzi ni mimi. Nimevaa miwani ya marehemu mama
nisifanane na binti yake.
"Taja jina lako kamili."
"Casimir Edmund Wojtanek."
"Ulifanya kazi gani?"
"Halina, kazi yangu unaijua."
"Halina simjui. Jibu swali."
Anacheka, anakohoa, anajibu vizuri:
mashine namba sita, zamu ya alfajiri.

La tatu nalo linapita.
La nne nimeliandika kwa kalamu nyekundu
maana wao ndilo watakaloanza nalo:
"Alhamisi, tarehe kumi na nne. Mbona hukupiga simu?"

Baba anaangalia jokofu.
Jibu nimeshampa: homa, simu imezima chaji.
Tumelifanyia mazoezi tangu juzi,
linateleza kama sabuni.

"Nilikuwa pale," anasema.
"Pale wapi?"
"Kwenye maegesho. Tangu saa kumi na moja na nusu.
Injini inaunguruma. Mlango nauona.
Simu ninayo mkononi, imejaa chaji."

Jumatano yake mashine namba sita
ilikuwa imekula vidole viwili vya kijana Emmett.
Baba ndiye aliyebonyeza kitufe,
ndiye aliyevitafuta katikati ya vifuniko
akavitia kwenye barafu ya chakula chake cha mchana.
Hilo nalijua, mtaa mzima unalijua.
Sikujua kwamba kesho yake
mguu ulikataa kushuka garini.

"Nikajiambia, dakika tano. Kisha tano nyingine.
Kukapambazuka.
Sasa mtu anapigaje simu aseme
nipo hapa nje, lakini siwezi?"

Natafuta kwenye fomu kisanduku cha jambo hili.
Upo ugonjwa. Kipo kifo cha jamaa.
Lipo gari kuharibika.
Yapo "mengineyo", mstari mmoja,
urefu wake kama kidole.

"Homa ni rahisi zaidi," anasema.
Ni rahisi kweli. Naiona ikipita
ndani ya dakika zao kumi na tano.
Kisha namwona meneja upande wa pili wa simu,
na picha ya kamera ya getini:
gari letu, taa zinawaka, mtu ndani.

Navua miwani. Naivaa tena.
"Rudia. Polepole. Mwambie mwamuzi, si mimi."
"Nianzie wapi?"
"Kwenye barafu."

Nje, sepetu ya jirani inakwaruza ngazi,
ya kwanza, ya pili.
Baba anafunga kifungo cha shati, kile cha shingoni,
kana kwamba simu ina macho.
"Naitwa Casimir Edmund," anaanza,
halafu anakwama, ananiuliza kwa sauti ndogo
iwapo mtu anaruhusiwa kunyamaza kidogo
huku wanamsikiliza.

Nashika kalamu.
Hilo sikuliandalia jibu.